Fundi wa Unga Limited anayetoza hela ya kusikiliza

Nianze na hela, maana ndilo swali la kwanza la kila ninayemsimulia. Kutuliza kelele za mbele za Hilux yangu kumekula Sh 225,000, spea na ufundi pamoja. Ndani yake zimo Sh 20,000 za kusikiliza. Si za kufungua wala kufunga. Za kusikiliza. Mzee mwenye gereji alinitajia bei hiyo hata injini sijazima, nikamwambia kwa hela hiyo daktari ananisikiliza na damu ananipima juu. Hakucheka. Akasema, “Mama, daktari anamwuliza mgonjwa wapi panauma. Mimi gari likiniambia ntakupunguzia.”

Gereji haina kibao. Iko kata ya Unga Limited, Arusha, ndani ya kiwanja kimoja na watu wa kuchomelea mageti, chini ya mparachichi mkubwa unaodondosha majani juu ya kila bodi iliyofunguliwa. Nilielekezwa na dereva mmoja wa Fuso pale sokoni Kilombero, aliyechoka kunisikia nikifika na kelele zangu kila alfajiri ya mnada.

Gari lenyewe ni Hilux LN106 ya mwaka 1993, kabini mbili, injini iitwayo 3L (ni jina tu), dizeli ya lita 2.8. Mbele ina ekseli nzima ya chuma na springi za kupangwa kama za lori, si hizi za kisasa ambazo kila tairi la mbele lina maisha yake. Nachukua vitunguu Mang'ola, napanda navyo Karatu kwa barabara ya vumbi, halafu lami mpaka Arusha kupitia Mto wa Mbu na Makuyuni. Gunia nane, na ndiyo, mara nyingine ni lumbesa, yaani yamejazwa kupita kipimo. Naendesha mwenyewe.

Kelele ilianza masika, na kwa muda mrefu niliamini ni kelele moja. Chini kulikuwa na ngurumo kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili, inayopanda kadiri mwendo unavyopanda. Juu yake kulikuwa na ta-ta-ta-ta kavu, kama mtoto anayegonga sufuria kwa kijiko. Siku nyingine ta-ta-ta haipo kabisa, siku nyingine inanisindikiza kutoka Karatu mpaka nazima gari. Nikawa nawaambia mafundi, “Inakuja na kuondoka.” Hakuna maelezo mabaya kuliko hayo. Fundi asiye na subira akisikia inakuja na kuondoka, anafungua kitabu cha bei.

Nimepitia gereji tatu kabla ya hii. Sizitaji. Ya kwanza alitikisa tairi kwa mguu, akasema tairodi endi, vile viungo vya stelingi, zikabadilishwa zote mbili, Sh 70,000, kelele ikabaki pale pale, ila sasa stelingi ikawa nzuri. Ya pili walibadilisha beringi za tairi la kulia, Sh 95,000. Hapo ngurumo ilipungua kwa wiki mbili, nikawasifu kila mahali, kisha ikarudi na hasira. Ya tatu kijana alilala chini ya gari labda dakika nne, akatoka akijifuta mikono na kutangaza kwamba sivii jointi zote (viungo vinavyozungusha tairi la mbele hata likipinda) zimekufa, difu (gia za katikati ya ekseli) inaelekea huko huko, nitafute ekseli nzima ya mtumba. Laki tisa, na anamjua mtu. Kila fundi anayetaja laki tisa anamjua mtu.

Ndiyo maana nilipofika kwa huyu mzee nilikuwa nimeshakasirika kabla ya salamu. Nikampa shikamoo yake, akaitikia, akaniuliza swali ambalo hao watatu hawakuliuliza: “Ikilia, frihabu zako zinakuwa wapi?”

Nieleze kwa wasiolijua gari hili. Fowili yake, yaani magurudumu yote manne kuvuta, si ya muda wote. Katikati ya rimu za mbele kuna frihabu, unashuka na kuizungusha kwa mkono. Ukiiweka loki, tairi linashikana na shafti ya ndani. Ukiiweka frii, tairi linazunguka peke yake, na vyote vya ndani, yaani shafti, difu ya mbele na propela ya mbele (bomba refu linalounganisha gia boksi na difu), vinalala. Sasa mimi masika naweka loki nikiwa Mang'ola na siziondoi mpaka nifike nyumbani, maana nani anashuka kwenye tope kuzungusha rimu na kitenge. Liva ya ndani narudisha kwenye magurudumu mawili nikifika lami, lakini frihabu zinabaki loki. Kumbe hapo ndipo ilipokuwa siri ya kuja na kuondoka. Kiangazi nikienda Usa River tu zilikuwa frii, na ta-ta-ta haikuwepo.

Mzee akaziweka frii zote mbili, akaingia upande wa abiria, akazima redio yangu bila kuomba, akafungua kioo. “Endesha.” Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Jumamosi, mji bado haujaamka vizuri. Tukapanda hadi Mnara wa Saa. Ngurumo ipo, ta-ta-ta hakuna. Akanyoosha vidole viwili. “Una wagonjwa wawili, mama, umewalaza kitanda kimoja.”

Kisha akaniambia nizunguke kipilefti. Nikazunguka. Nizunguke tena. Mara ya tatu trafiki aliyekuwa anakunywa chai yake pembeni akaacha kikombe kututazama. Lakini nilisikia mwenyewe, sikuhitaji kuambiwa: gari likiwa linazunguka, yaani likikata kulia muda wote, ngurumo inanyamaza. Tukitoka na kukata kushoto, inafufuka. Mzee akasema ukikata kushoto uzito wa gari unaegemea kulia, ukikata kulia unaegemea kushoto. Beringi inayolalamika ni ile iliyobebeshwa. Kwa hiyo ni ya kulia. Ile ile niliyobadilishiwa.

Hapo nikataka kurudi kule gereji ya pili na tope la Mang'ola lote. Mzee akasema tumalize kusikiliza kwanza, nimeshalipa.

Tuliporudi uwanjani aligusa katikati ya rimu ya kushoto kwa kiganja, kisha ya kulia. Akaniambia niguse na mimi. Ya kushoto ilikuwa vuguvugu kama chapati ya jana iliyopashwa. Ya kulia nilitoa mkono. Akapiga jeki, akashika tairi juu na chini, akalitikisa, likacheza kidogo. Kijana wake wa kazi akakanyaga breki, mzee akatikisa tena, mchezo ukaisha. Breki ikikanyagwa, diski na habu (kitovu cha tairi) vinashikwa kwa pamoja na nako, kile chuma kinachopinda na tairi, kwa hiyo mchezo ukiisha ujue ulikuwa kwenye beringi za tairi. Ungebaki, tatizo lingekuwa beringi za nako zenyewe, zile za juu na chini ambazo tairi linapindia. Mwisho akaweka ncha ya bisibisi refu kwenye habu, mpini sikioni, na kijana akazungusha tairi kwa mkono. Akanipa na mimi. Nilisikia mchanga. Upande wa kushoto nilisikia upepo.

Mgonjwa wa pili ndiye aliyenifurahisha zaidi, na hapa ndipo 20,000 zangu zilipolipa. Akarudisha frihabu loki, liva ya ndani ikabaki magurudumu mawili, akachora mstari wa chaki kwenye tairi. Mimi niendeshe taratibu kama naingiza gari msibani, kijana atembee pembeni akitazama chaki, mzee atembee na kuhesabu mlio. Ta-ta-ta ikarudi papo hapo. Akahesabu kwa kupiga kofi mapajani. Kabla chaki haijarudi chini, mlio ulikuwa umeshalia zaidi ya mara nne.

Akaja dirishani kunifafanulia, na kwa mara ya kwanza alionekana mwenye raha. Kitu kinachozunguka pamoja na tairi, kama sivii jointi, kikiwa na kasoro sehemu moja kitalia mara moja kila chaki ikishuka. Lakini difu inapunguza mwendo: propela inazunguka zaidi ya mara nne ili tairi lizunguke mara moja. Kinachogonga zaidi ya mara nne kinakaa kwenye propela. “Yule aliyekuambia ekseli hakuhesabu,” akasema. Sikuwa na la kujibu. Miaka yote nahesabu magunia, sikuwahi kufikiri kelele nayo inahesabika.

Hakuishia hapo. Akafungua bolti nne huku na nne huku, propela ya mbele ikatoka, tukaendesha bila hiyo na frihabu zikiwa loki. Kimya cha ta-ta-ta. Shafti zinazunguka, difu inazunguka, kasoro propela iliyolala chini ya mparachichi. Akairudisha kwa muda, tukaingiza fowili palepale kwenye vumbi la kiwanja, nikakata stelingi mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, huku nikikanyaga mafuta. Hapo sivii jointi mbovu ingelia kwa kukatika, tak, tak, tak, kila inapobeba mzigo ikiwa imepinda. Mlio ulikuwa ule ule wa propela, haukuongezeka wala kubadilika. Jaribio hilo, alisisitiza, lifanyike kwenye vumbi tu. Kwenye lami kavu fowili ya gari hili inajifunga, mbele na nyuma havikubaliani kwenye kona, na utavunja kitu kilichokuwa kizima.

Propela ilipowekwa mezani, jointi krosi moja, kile kiungo cha msalaba cha propela, ilitoka na vumbi jekundu kama pilipili ya kusaga. Grisi hakuna hata harufu. Kile kinundu cha kupigia grisi kilikuwa kimefunikwa na rangi nyeusi, nadhani na mwenye gari aliyenitangulia alipopaka bodi chini ili aniuzie. Nimeliendesha miaka sita. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi nimelipia sevisi iliyoandikwa “grisi kila mahali”.

Sasa beringi. Kijana alifungua kalipa ya breki akaiacha ikining'inia kwa mpira wake, mzee akamfokea kwa Kichaga mpaka majirani wa mageti wakazima mashine. Akaifunga kwa waya kwenye springi. Habu ikatoka. Beringi za ndani na nje zilionekana mpya kweli, zinang'aa, nikaanza kujisikia vibaya kwa niliyowawazia wale wa gereji ya pili. Mzee akapitisha kidole ndani ya habu, pale kinapokaa kikombe cha beringi, ile pete ya nje ambayo beringi inazunguka ndani yake. Akaniita. Kikombe kilikuwa na vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui, na kimebadilika rangi.

Yaani walibadilisha beringi, vikombe wakaacha vya zamani. Kutoa kikombe ni kazi, unakigonga kutoka ndani kwa nyundo na kipande cha shaba, kidogo kidogo, pande zote. Wao walichomeka beringi mpya juu ya vikombe vilivyochakaa, wakakaza nati kwa nyundo na patasi (alama za patasi zipo, nimezipiga picha), nikalipa Sh 95,000. Vikombe vipya vilivyokuja ndani ya boksi sijui viko kwenye gari la nani leo.

Spea hanunui yeye. Anakuandikia kwenye kipande cha boksi na unakwenda mwenyewe, na anataka boksi lije halijafunguliwa. Nilipata beringi za Koyo za ndani na nje na vikombe vyake kwa Sh 85,000, jointi krosi Sh 40,000, sili ya habu (mpira wa kuzuia uvujaji) Sh 8,000, kopo la grisi Sh 12,000. Ufundi Sh 60,000. Ongeza zile 20,000 za masikio.

Kukaza beringi ndiko kulikonifanya niandike haya yote. Alitumia soketi kubwa ya milimita 54, si patasi. Akakaza nati, akazungusha habu huku na huku mara nyingi ili beringi zijikalishe, akalegeza, akakaza tena kidogo kwa mkono. Halafu akaingia chumbani na kutoka na mizani ya ndoano. Mizani! Ile ile ninayopimia vitunguu vya rejareja. Akafunga uzi kwenye stadi (bolti) moja ya tairi, akavuta taratibu na mizani mpaka habu ilipoanza kusogea, akasoma. Kama kilo 2. Akakaza kidogo. Akavuta tena. Karibu 4. Akaridhika. Akasema ikiwa nyepesi sana beringi inacheza, ikiwa nzito sana inaungua, na mkono wa fundi unadanganya hasa jioni akiwa na njaa. Baada ya hapo washa ya kufungia, nati ya pili, akapima tena kwa mizani kwa sababu nati ya pili nayo huongeza mkazo, ndipo akakunja masikio ya washa, moja ndani, moja nje. Niliuliza kwa nini wengine hawafanyi hivyo. “Hawauzi vitunguu,” akasema. Ndiyo mzaha pekee niliousikia kwake siku nzima.

Kuna jambo moja alilokataa kulifanya. Lile duara la nako, linalofanana na kitunguu kikubwa kilichomenywa, upande wa kushoto lilikuwa limelowa. Ukungu wa grisi pale ni sawa, alisema, lakini hii ilikuwa nyepesi na inachuruzika. Akachovya kidole, akanusa, akanisogezea. Harufu ya kiberiti. Hiyo ni oili ya difu, imepita sili ya ndani ya ekseli na inaosha grisi ya sivii jointi. Nikasema basi fungua na hapo, si niko hapa? Akasema kazi hiyo inataka siku nzima na seti ya sili za pande zote mbili, bado haijafika pabaya, nipime oili ya difu kila wiki mbili na nirudi mwezi wa tisa vitunguu vikipungua. Angeweza kula hela yangu siku ile ile na nisingejua.

Sasa mabaya yake, maana yapo. Hana kiti. Utakaa kwenye siti ya Land Rover iliyong'olewa, ina springi moja inayokukumbuka. Choo ni cha watu wa mageti na ufunguo unao mtu ambaye hayupo. Aliniahidi saa tisa alasiri, nikaondoka saa moja kasoro usiku, kwa sababu katikati alienda kuswalia maiti na hakuna kijana aliyeruhusiwa kugusa nati ile akiwa hayupo. Risiti ni mgongo wa boksi la beringi. Lipa namba hana, unatuma kwenye namba yake ya kawaida na ya kutolea unaongeza. Nilimwomba zile 20,000 zikatwe kwenye ufundi kwa kuwa kazi amefanya yeye, akakataa katakata, na nusu saa nilikuwa nimenuna. Tena ukimkatiza anaposikiliza, anashuka garini. Alishuka mara moja pale karibu na stendi kwa sababu nilipokea simu.

Pia ananifokea kuhusu lumbesa kama vile yeye ni afisa vipimo.

Tangu siku hiyo nimekwenda Mang'ola mara tatu. Baada ya safari ya pili nilirudi kama alivyoagiza, akafungua habu na kuvuta mizani yake tena, bure, ikasoma pale pale. Frihabu naziacha loki kama zamani na hakuna anayegonga sufuria. Kimya kimenifichulia kwamba geti la nyuma la bodi linalia, na kwamba kioo cha abiria kinapiga mluzi kuanzia kilomita 70 kwa saa. Hayo nitaishi nayo.

Ukienda, fika kabla ya saa mbili asubuhi, maana baada ya hapo mashine za mageti zinawaka na mzee anakataa kusikiliza chochote. Usioshe gari chini, anataka kuona uvujaji ulivyo. Na ubebe kigoda.